Msikate picha kwenye vitabu vya akina Speke

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika hapo ofisini kutuletea gazeti la Kiswahili hapa Uganda, kazi yenu tunaiona. Naandika kumjibu msomaji mwenzetu ambaye barua yake mliitoa hivi karibuni, yule aliyesema vitabu vya safari vya wapelelezi wa kizungu waliofika huku karne ya 19, akina Speke, Baker, Stanley na Lugard, ni takataka za mkoloni, na kwamba mtu kama ameachiwa kimoja na babu yake basi achomoe picha auzie watalii, makaratasi yanayobaki yafungie karanga. Hasira yake naielewa, hata mi ninayo, ila huo ushauri ni mbaya na najua kuna watu wataufuata kama ulivyo, maana tayari wapo wanaofanya hivyo hivyo hapa Jinja, kwa hiyo naomba uniachie nafasi nijibu hata kama barua itakuwa ndefu.

Mi nakusanya hivi vitabu. Si msomi wa chuo na sina hela za kuchezea, nakaa Walukuba, nafanya kazi zangu za kawaida, kinachobaki mwisho wa mwezi kama kimebaki ndo kinaingia huko. Natafuta chapa za kwanza, yaani kile kitabu kilichotoka mtamboni mwanzo kabisa, mwandishi bado yuko hai na habari bado ya moto, si vile vilivyochapwa upya baadaye kwa bei nafuu. Watu huniuliza kwani tofauti ni nini, maneno si yale yale, na hapo ndo pa kuanzia.

Chukueni kitabu cha John Hanning Speke, Journal of the Discovery of the Source of the Nile, kilichotolewa na William Blackwood and Sons wa Edinburgh na London mwaka 1863. Speke aliingia Buganda mwanzoni mwa 1862, akakaa miezi kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akafika hapa kwetu Nile inapotoka ziwani tarehe 28 Julai 1862, na mwaka uliofuata kitabu kikawa madukani Uingereza. Ndani yake kuna picha ya yale maporomoko aliyoyaita Ripon. Sasa mtu wa Jinja aliyezaliwa baada ya 1954 hajawahi kuyaona, kwa sababu bwawa la Owen Falls lilipomalizika mwaka huo maji yalipanda yakayameza, leo unapanda boti pale chanzo cha Nile unaoneshwa maji yanazunguka zunguka unaambiwa ilikuwa hapa. Wazee waliosikia ule mngurumo kwa masikio yao wamebaki wachache sana. Kwa hiyo hiyo picha kwetu si pambo la ukutani, ni kumbukumbu ya mahali ambapo hapapo tena, na cha kuuma ni kwamba ndo picha ya kwanza kukatwa, maana mtalii akishashuka kwenye boti ndo hiyo hiyo anayoitaka.

Nimeiona kwa macho. Kuna duka moja la zawadi, sitalitaja, fremu zimepangwa ukutani, maporomoko, Kabaka amekaa na watu wake barazani, wapagazi na mizigo, zote karatasi ile ya zamani, si fotokopi. Nikauliza kitabu chenyewe kiko wapi, mwenye duka akainama chini ya kaunta akanitolea kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kumbe ndani ni Speke wa 1863. Kava ya kitambaa bado imeshika na maandishi ya dhahabu mgongoni unayasoma vizuri tu, ila ukifungua unakuta vipande vyembamba vya karatasi vimebaki kwenye mshono, kila kimoja mahali wembe ulipopita, na kwenye peji iliyokuwa inatazamana na picha kuna alama ya rangi ya chai, umbo zima la picha iliyoondoka, ukingo wa maji, miti, hata fremu yake, kwa sababu karatasi mbili zimebanana zaidi ya miaka mia na hamsini mpaka moja ikaachia nyingine alama. Mwishoni kabisa, ndani ya kava ya nyuma, kuna mfuko wa karatasi wa kuwekea ile ramani kubwa ya kukunja. Mfuko mtupu, umechanika upande mmoja. Ramani iko wapi, akasema iliondoka zamani na mteja wa nje, na hicho kilichobaki nimpe chochote nitakachoona.

Nilikinunua. Sijui kama nilifanya vizuri kumpa hela mtu wa namna hiyo, ila kukiacha kwenye kaveera chini ya kaunta ingekuwa vibaya zaidi.

Na kama ni hela tunazungumzia, basi tuzungumze hela. Speke wa 1863 mzima, kava yake ya asili, picha zote zipo, ramani ipo mfukoni, huko London anauzwa mamia ya pauni, na akiwa msafi sana anapita elfu. Pauni mia tano peke yake ni zaidi ya shilingi zetu milioni mbili. Anayekata anapata hela kidogo kwa fremu moja, kidogo tena kwa nyingine, na siku amemaliza kukata hajafikia thamani ya kitabu alichokiharibu, alafu hakuna namna ya kukirudisha. Kwa hiyo hata yule anayefuata hela tu, asiyejali historia wala nini, kisu hakimsaidii.

Ila mi kinachonishika zaidi ni watu waliomo ndani. Ndugu yangu anasema hivi ni vitabu vya wazungu. Vimeandikwa na wazungu, sawa, lakini hizo safari hazikutembezwa na mzungu mmoja na kofia yake. Speke na mwenzake James Augustus Grant walitoka Zanzibar mwaka 1860 na msafara wa wangwana na wapagazi, na mtu waliyemtegemea kuliko wote alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akaja kupata uhuru wake akarudi Afrika. Speke alikuwa askari wa jeshi la India, Kiswahili hakukiweza, kwa hiyo yeye na Bombay walizungumza Kihindi, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na kwa Kabaka kukawa na mkalimani wa kumalizia kwa Kiganda. Hebu fikirieni hiyo baraza, kila neno la Mutesa lililofika Ulaya limepita kwenye mdomo wa Mswahili kwanza. Bombay huyo huyo akaenda tena na Stanley 1871 kumtafuta Livingstone, akaenda na Cameron, mpelelezi mwingine wa Kiingereza, kuvuka bara zima mpaka bahari ya Atlantiki 1875, akafariki 1885, na hakuacha kitabu. Tukitaka kumjua inabidi tumtafute humo humo kwenye vitabu vya waliomwajiri, pamoja na matusi waliyomtukana, maana pengine pa kumpata ni pachache mno.

Stanley vile vile. Alifika kwa Mutesa Aprili 1875, akaandika ile barua ya kuita wamisionari iliyochapwa Daily Telegraph, wamisionari wa kwanza wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, wakafika 1877, na mengine yote mnayajua kwa sababu nusu ya shule zetu zilitokana na hapo. Lakini mkipata Through the Dark Continent ya 1878, vitabu viwili, angalieni kule nyuma kitabu cha pili. Kuna orodha ya watu wa msafara waliokufa njiani na kilichowaua, huyu kuhara damu, huyu maji, huyu vita. Ni majina ya Kiswahili yale, ya watu wa Zanzibar na mwambao, mtu anaweza kukuta jina la ukoo wake. Anayenunua kitabu ili akate picha hana habari na orodha, na kitabu kikishalegea kwenye mshono peji za mwisho ndo za kwanza kudondoka, kwa hiyo ni hayo majina yanayoishia kufungia rolex, ile chapati ya mayai, na karanga.

Tofauti ya chapa ya kwanza na za baadaye pia iko hapo. Wachapishaji wa bei nafuu walipunguza, wakatoa ramani kubwa kwa sababu ni gharama kuikunja na kuibandika, wakapunguza picha, wakaacha viambatisho, wengine wakafanya vitabu viwili kuwa kimoja. Msomaji wa kawaida halalamiki maana hajui kilichokuwepo. Tena hata hiyo ya 1863 yenyewe si maneno ya Speke yakiwa mabichi, Blackwood aliona jamaa hawezi kuandika vizuri akampa mwanahistoria wa Scotland, John Hill Burton, ainyooshe, na mambo mengine yakalainishwa au yakatolewa kabisa, na karatasi za mwanzo mpaka leo ziko maktaba ya taifa ya Scotland kule Edinburgh. Sasa kama ya kwanza tayari imepita mikononi mwa mtu, kila hatua baada ya hapo unazidi kwenda mbali na kilichoonwa Buganda, Bunyoro na hapa Jinja. Kwa hiyo sisi ambao hatuwezi kupanda ndege kwenda kusoma karatasi za Edinburgh, chapa ya kwanza ndo karibu zaidi tunayoweza kufika.

Nakuja kwenye dharau, maana ndo kiini cha barua ya ndugu yangu na sitaki aone nimeikwepa. Zimejaa. Speke kaandika sura nzima kuhusu Wahuma, wafugaji wa ng'ombe wa ukanda huu, akidai wametoka Ethiopia, watu bora kuliko wengine, hana ushahidi wowote, na hilo wazo likaja kuchukuliwa na wakoloni na wengine baada yao likawa sumu ukanda huu wote, Rwanda wanajua zaidi. Samuel Baker ndo usiseme. Alifika ziwa la Luta Nzige 1864 akaliita Albert, jina la mume wa malkia wake, akatoa The Albert N'yanza mwaka 1866, akarudi akiwa ameajiriwa na Misri, na katika Ismailia ya 1874 anamweleza Kabalega, mfalme wa Bunyoro, kama mtoto mwovu asiye na shukrani, anasema askari wake walilishwa pombe yenye sumu, alafu ikaja ile vita ya Masindi Juni 1872. Miaka mingi Kabalega alijulikana ulaya kwa maneno ya mtu aliyepigana naye. Mpaka 2009 ndo serikali yetu ikamtangaza shujaa wa taifa.

Lakini sasa hebu tuulizane, Wanyoro walimteteaje? Walikuwa na mapokeo ya wazee, na walikuwa na hicho kitabu. Humo humo Baker anasimulia mwenyewe jinsi mji ulivyochomwa moto na watu wake, ameandika akijisifu, hakujua kwamba anaandika kesi yake mwenyewe. Ushahidi wa namna hiyo mtu hauchomi kwa sababu umeandikwa na mshitakiwa, anautunza zaidi ya vyote. Mjukuu wa Bunyoro akitaka kubishana na mtu kuhusu Masindi ninataka aweze kufungua peji aseme soma hapa, mwandishi mwenyewe kasema, si aambiwe hizo habari umezitoa wapi. Na kama ana chapa ya kwanza hakuna atakayemwambia hiyo imebadilishwa baadaye.

Najua kuna atakayesema mbona vyote viko kwenye intaneti bure. Viko, na mi mwenyewe husoma kwenye simu, Speke yuko Project Gutenberg mtu yeyote ashushe leo leo bila kulipa. Kwa kusoma maneno inatosha kabisa na naomba walimu wawaoneshe wanafunzi. Ila hayo ni maandishi matupu, ramani ya kukunja hutaiona vizuri kwenye simu, mara nyingi waliopiga skani hawakuifungua hata kidogo, unaona mkunjo tu. Na kitu kingine, vitabu vilivyokuja huku vina maisha yake. Nina kimoja kina jina la mfanyabiashara wa Kihindi wa Jinja limeandikwa kwa wino mwaka 1938, kipo ambacho kina mhuri wa shule, kipo ambacho mtu kapiga mistari kwa penseli kila Speke anapokosea jina la mahali na pembeni kaandika jina sahihi kwa mwandiko mzuri. Huyo aliyesahihisha alikuwa nani? Mwalimu? Karani? Kopi iliyopigwa skani maktaba ya Marekani haina huyo mtu. Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa nyumba zikaachwa na kila kitu ndani, vitabu vikatawanyika, vingine vikaliwa na mvua, vingine vikafungiwa bidhaa sokoni, kwa hiyo hivi vilivyobaki vimeokoka mengi.

Kwa wenye vitabu nyumbani, naomba muangalie kabla ya kufanya lolote. Fungueni ukurasa wa jina la kitabu, si kava, tazameni mwaka chini na jina la mchapishaji. Speke ni Blackwood 1863, Harper ya New York ya 1864 ni ya Kimarekani, nayo nzuri ila si ile ya kwanza. Grant, A Walk Across Africa, ni Blackwood 1864. Baker yote mawili ni Macmillan, tena ni vitabu viwili viwili, ukiwa na kimoja usikate tamaa wala usikitupe, mwenzake anaweza kuwa kwa jirani. Lugard, The Rise of Our East African Empire, ni 1893, navyo viwili. Pakiwa na neno la kuonesha ni toleo la pili au la tatu basi ndo hilo, usidanganyike na mwaka wa dibaji, na kuna vile vilivyochapwa upya London miaka ya 1960 kwa kunakili peji za zamani zilivyo, mtu anaona 1893 anaruka, kumbe ukigeuza nyuma ya ukurasa wa jina mwaka wa kunakili umeandikwa. Alafu chukueni ile orodha ya picha iliyoko mwanzoni mhesabu moja moja, maana picha nyingi ziko kwenye karatasi zake zenyewe na hazina namba ya peji, zikikatwa namba za peji zinaendelea kama kawaida na wewe unadhani kitabu kizima. Mwisho angalieni mfuko wa nyuma. Ramani ikiwepo usiifungue kwa nguvu, karatasi imekauka kwenye mikunjo, itaachana.

Si kila cha zamani ni adimu, hili niliseme ili mtu asije akadanganywa. In Darkest Africa ya Stanley, ile ya 1890 anayosimulia safari ya kumtoa Emin Pasha, gavana wa Misri kule Equatoria, na kupita chini ya Rwenzori, ilichapwa kwa wingi sana na bado zimejaa, watu huniletea wakitaka bei ya gari. Adimu ni lile toleo maalum la nakala 250, kubwa, lenye namba na sahihi ya Stanley mwenyewe. Hilo sijawahi kulishika. Lakini hata hiyo ya kawaida isikatwe, ina ramani zake na ina Rwenzori ndani.

Kuhusu kutunza, hapa kwetu adui ni unyevu na wadudu. Usianike kitabu juani, kava inapauka na gundi inakatika, kiache kivulini penye hewa kikiwa kimefunguliwa kidogo. Usikiweke kwenye kaveera, kinatoa jasho kinaota ukungu. Kisiguse ukuta wala sakafu, mchwa wanapitia hapo hapo. Peji ikichanika iache ilivyo, tafadhali sana usibandike seloteipu, baada ya miaka michache inageuka rangi ya kahawia inaingia kwenye karatasi haitoki tena, mi hilo ndo naliona kila mahali na ndo linaniuma karibu sawa na wembe. Na mtu asikwambie kitabu kinahitaji kava mpya ya ngozi. Kitambaa cha asili, hata kikiwa kimechakaa, ndo wakusanyaji wanakitaka.

Kuna jambo linanisumbua akilini. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 hapa Uganda Museum, vitu vya mababu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, ingawa kwa karatasi ni mkopo, na sote tulifurahi, tukapiga picha, magazeti yakaandika. Mi pia nilifurahi sana. Sasa huku tunapokea kwa shangwe kilichotoka Cambridge, huku nyuma picha na ramani za nchi yetu hii hii zinatoka Entebbe kwenye mabegi ya watalii zimekunjwa ndani ya magazeti, na hakuna anayeuliza. Wajukuu zetu ndo watakaoenda kuomba mkopo wa hizo?

Na nisieleweke kwamba kabati langu ni la wazungu watupu. Kando ya Speke nimeweka nafasi kwa Ham Mukasa, aliyefuatana na Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kagwa, kwenda London mwaka 1902 kwa kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba, akaandika kila alichokiona, meli, treni, nyumba, watu, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka Hutchinson 1904 kwa jina Uganda's Katikiro in England. Ni kitabu cha safari kama vile vingine, ila mara hii anayetembea na kushangaa ni Mganda na wanaotazamwa ni Waingereza. Chapa ya kwanza ni ngumu kuipata na mi bado naitafuta. Nyingine ambayo kila msomaji wa gazeti hili angepaswa kuijua ni Safari za Wasuaheli, iliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapwa Göttingen mwaka 1901, humo Waswahili wenyewe wanasimulia safari zao kwa Kiswahili, mmoja wao Selim bin Abakari alifika mpaka Urusi na Siberia. Wakati Speke anasomwa kila shule, hawa hawatajwi. Ningependa siku moja vikae rafu moja, Speke, Baker, Ham Mukasa, Selim, vyote vya kwanza, vyote vizima, mahali ambapo mtoto wa Jinja anaweza kuingia akavigusa kwa mikono iliyooshwa.

Kwa hiyo ninachoomba ni hivi. Mwenye kitabu asiyekitaka, kabla hajaita mtu wa fremu, aulize kwanza maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, kitengo cha Africana, yaani vitabu vinavyohusu Afrika, au Uganda Society ambao maktaba yao iko pale Museum, Kira Road, hata wasipokuwa na hela ya kununua watakwambia ulichonacho ni nini. Wauza zawadi, picha hizi zipo bure kwenye intaneti kwa ukubwa wa kutosha, pale Nasser Road, Kampala, kwa wachapaji, watakutolea nakala nzuri kwenye karatasi nzito kwa hela kidogo, mtalii ataridhika na kitabu kitabaki kizima. Na nyie wa gazeti, kama nafasi ipo, mtoe picha ya ukurasa wa jina wa Speke wa 1863 na wa Baker wa 1866 ili watu walinganishe na walivyo navyo, mi niko tayari kuleta vyangu hapo ofisini mpige wenyewe. Cha Speke ni hicho hicho kilichokatwa, lakini ukurasa wa jina uko salama.

Wenu,
Msomaji, Walukuba, Jinja